Umeambiwa huna mbegu: uanzie wapi, kwa sisi wa Amu na Malindi

Naandika hii kwa yule kaka ambaye saa hii ana karatasi ya lebu mfukoni imeandikwa mbegu za kiume sifuri na hajamwambia mtu, hata mkewe. Yangu mimi ilikaa siku 11 chini ya boksi la spana kabla sijaitoa. Mimi ni fundi wa injini za boti, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu), sasa niko Malindi, si daktari, lakini njia hii nimeipita mwenyewe na pesa zangu na nimemuuliza kila daktari aliyekubali kuulizwa, kwa hivo nayaweka hapa ili wewe usizunguke vile nilivozunguka.

La kwanza, nguvu na mbegu ni vitu viwili. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zake kamili, manii yanatoka kama kawaida, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja, manake yale maji karibu yote yanatoka kwenye tezi zingine, korodani zinachangia kidogo sana. Kwa macho huwezi kujua. Kwa hivo supu ya pweza, mkuyati, habasoda na asali, kunywa ukitaka, lakini havileti mbegu pale ambapo hazitengenezwi. Na hali hii si ya ajabu, karibu mwanaume 1 katika kila 100 anayo, ukihesabu msikiti mmoja uliojaa siku ya Ijumaa utaona si wewe peke yako.

La pili, mpimwe mume na mke pamoja, wiki moja. Mke wangu miaka 4 alizungushwa, kwa wakunga, kwa waganga, kwa madaktari, akanywa vitu vichungu, akasemwa mpaka kwenye harusi za watu, na hakuna hata mmoja aliyesema hebu na bwana apimwe. Hilo bado linaniuma. Kipimo cha mwanaume ndo rahisi kuliko vyote, ni kikopo tu.

Kuhusu hicho kikopo

Hapa watu wengi wanaharibu. Kaa siku 2 mpaka 7 bila kutoa manii, si chini si zaidi. Usitumie sabuni, mate wala mafuta ya nazi, yote yanadhuru mbegu, na kondomu za kawaida pia zinazidhuru. Tone la kwanza ndo lenye mbegu nyingi, likimwagika nje waambie, usinyamaze. Kwa sisi Waislamu wanaoona tabu na hili la kujitoa manii kwa mkono, shehe niliyemuuliza aliniambia kwa haja ya tiba inajuzu, na mkeo akikusaidia ni bora zaidi, na lebu nyingine zina chumba mnaingia wawili.

Kikopo kifike lebu ndani ya saa moja, na kikae na joto la mwili, ndani ya nguo, karibu na tumbo. Binamu yangu alitoka nacho Matondoni kwa boti, amekitia ndani ya kasha la barafu katikati ya changu na tafi, kwa sababu sisi watu wa bahari kitu chochote tusichotaka kiharibike tunakitia barafu. Kufika, yule kijana wa lebu akakishika, akasikia baridi, akamrudishia. Safari imeenda bure. Kama uko Pate, Faza, Kizingitini, usijaribu kutoa huko, lala mjini kwa jamaa na uende asubuhi.

Ikitoka sifuri usikubali mara moja. Waombe wazungushe manii kwenye mashine ya kusokota halafu waangalie ile machicha iliyobaki chini, kwa sababu mbegu chache zinajificha na ukiangalia tone moja juu juu utaambiwa hakuna. Halafu rudia tena baada ya wiki kadhaa, lebu nyingine ukiweza. Kama manii ni kidogo mno, chini ya mililita moja na nusu, waulize pia kama zinarudi nyuma kwenye kibofu, hiyo inapimwa kwa mkojo baada ya kumaliza (wenye kisukari wa muda mrefu hili linawapata) na mbegu zinaweza kuokotwa kutoka kwenye huo mkojo.

Jua tatizo lako ni lipi kabla hujatoa hela ya kitu chochote

Hili ndo jambo hasa nililotaka kuwaambia. Injini ikikataa kuwaka huendi kununua injini, unatazama kwanza mafuta yanafika, plagi inatoa moto, kaburata imeziba? Sasa kwa mwili wako mwenyewe mbona unakubali kuuziwa tiba kabla mtu hajakwambia ni nini kimeharibika. Mambo ni matatu: kiwanda kinafanya kazi ila mrija wa kutokea umeziba, au kiwanda ni kizima lakini hakipati amri kutoka kichwani, au kiwanda chenyewe ndo kina kasoro, na hapa kuna kasoro ya aina yangu, ambapo mbegu zinaanza kutengenezwa halafu zinasimama katikati hazikomai.

Daktari wa kumtafuta ni yurolojisti, yule wa mambo ya mkojo na uzazi wa wanaume. Hapa kwetu utaanzia hospitali ya serikali upate barua ya rufaa, lakini kwa yurolojisti jiandae kwenda Mombasa. Atakushika korodani kwa vidole, usione haya, ukubwa wake unamwambia mengi, na anatafuta kama mirija ipo, manake wengine wamezaliwa bila. Atakuuliza habari za utotoni na umwambie ukweli wote: ulipata matubwitubwi ukiwa umeshabalehe? korodani zilichelewa kushuka? ulipasuliwa ngiri? ulishawahi kupata kisonono, kichocho, umechomwa dawa za saratani? Na kama una busha sema, pwani yetu hii busha na matende tunayajua toka zamani na bado kuna wazee na vijana wanaficha ndani ya kikoi. Liondoshwe kwanza, halafu upimwe tena.

Kuna swali moja utalishangaa, atakuuliza unasikia harufu? Nimemjua jamaa mmoja hapa Malindi, udi ukifukizwa chumba kizima hasikii, asumini hasikii, alidhani ni mafua ya kuzaliwa nayo, na ndevu hazikuota vizuri. Kumbe ile sehemu ya ubongo inayotuma amri kwa korodani ina kasoro, na kasoro hiyo huja pamoja na kukosa harufu. Huyo kwa hakika alikuwa na bahati kuliko mimi, nitaeleza mbele.

Halafu damu, wanapima homoni: FSH na LH, hizo ndo amri zinazotoka kichwani, testosteroni, homoni ya kiume yenyewe, na prolaktini, homoni nyingine ya kichwani. FSH ikiwa juu sana na korodani ni ndogo, ubongo unapiga kelele na kiwanda kimechoka. Zote zikiwa chini, amri haitumwi. FSH ikiwa sawa na korodani zina ukubwa wake, hapo ndo pagumu, inaweza kuwa mrija umeziba, na inaweza kuwa ni hii yetu ya kusimama katikati, na kwa nje zinafanana kama pacha. Mimi niliambiwa kwa uhakika kabisa nimeziba. Sikuwa nimeziba.

Pia omba kipimo cha kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili, na cha kromosomu Y, ile ya kiume. Watu wanakikwepa kwa sababu sampuli inapelekwa mbali na kina gharama, lakini kinaweza kukuokolea gharama kubwa zaidi. Kwenye kromosomu Y kuna sehemu tatu zinaitwa AZFa, AZFb na AZFc. Ikiwa a au b imekatika yote, mbegu hazipatikani hata upasuliwe na nani, usikubali kisu. Ikiwa ni c peke yake matumaini yapo mazuri, ila mtoto wa kiume atairithi, muamue mkijua. Na wale wenye kromosomu X ya ziada, yaani XXY, zamani waliambiwa haiwezekani kabisa, siku hizi karibu nusu yao zinapatikana kwa upasuaji.

Sindano ya testosteroni, tafadhali

Naomba usome hapa pole pole. Nilipopata ile sifuri nilikwenda kliniki moja, sitaitaja, yule bwana akanitazama akasema homoni za kiume ziko chini, akaniwekea sindano ya testosteroni kila wiki tatu kwa miezi 8. Nilijisikia simba. Mwili ukajaa, usingizi mzuri, nikajua mambo yameiva. Kumbe ukichoma testosteroni kutoka nje ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kutuma FSH na LH, na korodani zinalala kabisa. Hata mwanaume mzima mwenye mbegu zake ukimchoma zile sindano anaweza kufika sifuri, mpaka wanasayansi wamezijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango. Za gym ni zile zile. Kama unatumia amua leo kuacha, lakini muulize daktari uache vipi, na ujue kurudi kunachukua miezi, kwa wengi 6 mpaka 12, wengine zaidi. Mbegu moja kutengenezwa toka mwanzo mpaka kukomaa ni siku 70 na kitu, kwa hivo dawa yoyote ile, nzuri au mbaya, usiipime kabla ya miezi mitatu.

Sasa tiba

Aliyeziba. Huyu mbegu anazo, ni kuzitoa. Ama mrija unaunganishwa na mpasuaji mzoefu, ama zinavutwa kwa sindano kutoka juu ya korodani au ndani yake halafu zinatumika kwa ICSI, yaani mbegu moja inaingizwa kwa sindano ndani ya yai moja. Njia hii watoto wake wa kwanza walizaliwa 1992 kule Ubelgiji, na ndo iliyofungua mlango kwa sisi wote, kwa sababu kabla yake ilihitajika mbegu maelfu kwa maelfu kwenye kila yai.

Asiyepata amri. Yule jamaa asiyesikia harufu ya udi anachomwa hCG, homoni inayofanya kazi ya LH, mara mbili tatu kwa wiki, baada ya miezi kadhaa anaongezwa FSH. Inachukua muda, miezi 6 kwa wengine, wengine mwaka na nusu mpaka miwili, na sindano zinataka friji, kwa hivo umeme ukikatika uwe na mpango. Lakini huyu ndo mwenye dawa hasa ya kutibu ugonjwa wenyewe na mkewe anaweza kushika mimba nyumbani bila lebu. Nimesema ana bahati, namaanisha.

Mwenye mishipa iliyovimba juu ya korodani, ukishika ni kama minyoo ndani ya mfuko, akifungwa hiyo mishipa baadhi yao mbegu chache hutokea. Jaribu kama daktari amesema ni kubwa na inashikika, na kama umri wa mke unaruhusu kusubiri.

Halafu sisi, wa mbegu zisizokomaa. Nitakaa hapa kidogo.

Mbegu inaanza kama chembe ya duara, inagawanyika, inagawanyika tena, inakuwa duara ndogo, halafu inarefuka na kuota mkia. Kuna wanaosimama mapema kabla ya kugawanyika, na kuna wanaosimama mwisho mwisho, pale kwenye duara ndogo. Aliyesimama mwisho ana nafasi zaidi. Hii inajulikana kwa biopsi, kipande kidogo cha nyama kinaangaliwa kwa hadubini. Ila hata ripoti ikiandika zimesimama, ni kile kipande tu, pembeni yake panaweza kuwa na mrija mmoja umefika mpaka mwisho.

Na ndo maana ya mikro-TESE. Ilianzishwa na daktari Peter Schlegel wa New York mwaka 1999. Unapewa nusu kaputi, korodani inafunguliwa, na daktari anaangalia ndani kwa hadubini kubwa ya upasuaji. Ndani pamejaa vijirija kama tambi zilizorundikana. Zile nyembamba za manjano mara nyingi ni tupu, anatafuta zile nene nyeupe zilizonona, anachukua chache hizo hizo, anampa embriolojisti, yule mtaalamu wa lebu wa mbegu na mayai, pale pale, ambaye anazichambua kwenye kisahani, kama vile mama anavochambua mchele kwenye uteo, kwa saa nzima, hata masaa matatu. Kwa wanaume wa kiwanda chenye kasoro kwa jumla karibu nusu wanapata kitu. Kwa waliosimama mapema ni chini ya hapo. Mimi niliambiwa hivo wazi kabla ya kusaini na nilimshukuru yule daktari kwa kutonipamba.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa: hadubini ya upasuaji ipo, au mtachoma sindano tu huku na huku? Daktari amefanya ngapi? Embriolojisti atakuwepo thieta saa hiyo hiyo? Zikipatikana chache mnaweza kuzigandisha? Na zisipopatikana mayai ya mke wangu yatafanywa nini? Hili la mwisho muulize mapema, manake mara nyingi mke anachomwa sindano siku 10 mpaka 14 mayai yake yakomae pamoja na siku yako ya upasuaji, na asubuhi ile si wakati wa kuanza kushauriana, mmoja bado ana usingizi wa dawa. Omba bei yote kwa maandishi, ya upasuaji, dawa za mke, kugandisha na ada ya kuweka kila mwaka.

Sisi tulikwenda Nairobi. Walitafuta kwa karibu masaa manne, wakapata 6 zenye mkia. Sita. Embriolojisti alitoka na kofia yake ya kijani akanionyesha vidole, mkono mmoja na kidole kimoja, nikadhani ananiambia saa. Mayai 6 yakachomwa, viinitete viwili, yaani mayai yaliyoshika mbegu na kuanza kukua, vikafika siku ya tano, kimoja kikawekwa na hakikushika. Wiki zile mbili za kusubiri na ile simu baadaye, mtu asikwambie ni jambo dogo, mke wangu alikaa barazani tangu alasiri mpaka Isha bila kusema neno na mimi nikakaa naye.

Baada ya upasuaji vaa chupi ya kubana, weka barafu juu ya kitambaa siku mbili, wiki tatu usinyanyue injini wala usipande punda. Testosteroni inaweza kushuka kwa miezi, ipimwe. Usirudie upasuaji kabla ya miezi 6.

Zisipopatikana zenye mkia kabisa kuna njia ya kuchoma ile duara ndogo ndani ya yai. Wajapani ndo wameifanyia kazi sana, daktari Atsushi Tanaka wa Kitakyushu na wenzake walitoa ripoti ya watoto 14 mwaka 2015, na 2018 wakafika 90. Mbegu changa haina uwezo wa kuliamsha yai, kwa hivo yai linapigwa umeme kidogo sana. Lakini mayai mengi yanaharibika kabla kupata mtoto mmoja, na madaktari wengi bado wanaihesabu ni ya majaribio. Ukiambiwa inafanywa mahali kama kitu cha kawaida, uliza wamezaliwa wangapi hapo hapo kwao. Na ile ya kutengeneza mbegu kwa seli shina, kwa panya imefanikiwa, kwa binadamu hakuna, anayekuuzia hiyo anakuibia. Dawa za kumeza za kuandaa kiwanda kabla ya upasuaji daktari anaweza kukupa, wengine zinawasaidia wengine hapana, si za kununua mwenyewe duka la dawa. Sigara na muguka acha kwa ajili ya mwili wako.

Ikishindikana

Mbegu za mwanaume mwingine. Kwa sisi Sunni wanazuoni wamekataa, fatwa iliyotolewa Misri 1980 ilikubali uzazi wa lebu baina ya mume na mke walio ndani ya ndoa na ikakataa mtu wa tatu, kwa hivo mimi na mke wangu hatukulijadili zaidi. Kwa majirani zetu ambao dini au dhamiri yao inaruhusu, ipo na inafanyika, mbegu zinapimwa UKIMWI na homa ya ini na zinawekwa kwanza kabla kutumika. Usifanye kwa siri na rafiki, bila vipimo na bila karatasi, hiyo huleta msiba baadaye.

Kafala. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua, mnamlea mtoto, anabaki na ukoo wa babake, mnamsomesha, mnampenda. Wengi wanaogopa akikua hatakuwa maharimu, yaani mtu wa karibu asiyeweza kuoana nao, ndani ya nyumba. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mtoto akinyonya kwa mwanamke mara 5 za kushiba kabla hajatimiza miaka miwili anakuwa mtoto wake wa kunyonya, na kuna dawa za kuteremsha maziwa kwa mwanamke ambaye hajazaa, au dadako au dada ya mkeo mwenye kunyonyesha amnyonyeshe. Anza na ofisi ya watoto ya kaunti na ofisi ya kadhi, usichukue mtoto kwa mdomo tu.

Mambo ya safari. Ukitokea Amu, boti ya kwenda Mokowe alfajiri, basi, na ujue kipande cha Witu mpaka Garsen kinaweza kuchelewa kwa sababu za usalama, kwa hivo miadi ya daktari iwe kesho yake, si siku ile ile. Beba nakala za kila karatasi, kila moja, na kile kioo cha biopsi chenyewe ukiweza, si ripoti tu, ni haki yako na daktari wa pili atataka kukiangalia kwa macho yake. Beba tarehe za hedhi za mkeo zimeandikwa. Na muende wote wawili.

Kiinitete chetu cha pili bado kiko Nairobi kwenye naitrojeni. Mama mkwe tumeshamwambia yote, siku hiyo alilia, halafu akamshika mwanawe mkono akamwomba radhi. Tunangoja kusi litulie tukawaage wazee Amu, kisha tunapanda.